Neno Lako Liingie Kwenye Muhtasari

Mambo ya kijiji nchini Tanzania yana mwamuzi wa juu, naye ni mkutano mkuu wa kijiji. Kifungu cha 141 cha Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Na. 7 ya mwaka 1982, kinalisema hilo bila kuzunguka: mkutano ndio wenye kauli ya mwisho juu ya sera na mwelekeo wa kijiji, ndio unaoichagua halmashauri ya kijiji, na ndio wenye uwezo wa kuwaondoa wajumbe wake. Mwenyekiti anayeketi meza kuu, mtendaji aliyeshika kalamu pembeni yake, hata diwani aliyekuja kusalimia, wote siku hiyo wako mbele ya mwenye mali.

Na mwenye mali ni nani? Kila mkazi wa kawaida wa kijiji aliyefikisha umri wa miaka 18. Sheria haiulizi kadi ya chama, kiwango cha elimu, ukubwa wa shamba wala kabila. Mke aliyeolewa kutoka kijiji cha mbali ni mjumbe. Mfugaji aliyehamia na kuweka makazi ni mjumbe. Kijana anayeishi kwa wazazi wake na hajajenga hata banda ni mjumbe, na sauti yake ina uzito sawa na ya mzee aliyekuwa katibu wa kijiji enzi za ujamaa.

Haki hiyo haikuanguka kutoka mbinguni. Mwaka 1972 serikali ilizifuta halmashauri za wilaya kwa mpango wa Madaraka Mikoani, na kwa miaka kumi maamuzi mengi yakawa mikononi mwa maofisa wa mkoa na wilaya. Sheria za mwaka 1982 zilizirudisha serikali za mitaa, zikaanza kazi mwaka 1984, na Katiba ikawekewa ibara ya 145 na ya 146 ili zisifutwe kirahisi tena. Ibara ya 146 inataja lengo la kuwepo kwake kuwa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Ukiongeza ibara ya 18, inayolinda uhuru wa mtu kutoa maoni yake, na ya 21, inayompa haki ya kushiriki katika maamuzi yanayogusa maisha yake, utaona kwamba anayenyoosha mkono mkutanoni haombi hisani ya mtu.

Tatizo liko kwingine. Mikutano mingi ina wasemaji hodari. Mtu anasimama, anaeleza kwa uchungu habari ya kisima kilichoharibika au michango isiyo na risiti, watu wanampigia makofi, mwenyekiti anasema "tumelipokea", na mkutano unafungwa. Miezi mitatu baadaye hakuna anayekumbuka, kwa sababu hakuna kilichoandikwa. Kwa hiyo mwongozo huu unamtaka mwananchi asiishie kwenye ujasiri wa kusema. Neno lake lazima ligeuke kuwa hoja, hoja iwe azimio, na azimio liingie kwenye muhtasari uliosainiwa.

Gharama ya kukosa karatasi hiyo inajulikana Kisarawe, mkoani Pwani. Kampuni ya Sun Biofuels ilikwenda huko kutafuta ardhi ya kulima mibono kwa ajili ya mafuta, ikapata zaidi ya hekta 8,000 zilizotoka katika vijiji 11. Wanakijiji waliitwa mikutanoni, wakasikia ahadi za ajira, zahanati, barabara na visima. Wengi walikubali kwa nia njema. Lakini sehemu kubwa ya ahadi hizo ilibaki mdomoni, na wafuatiliaji walipokwenda baadaye kuuliza nyaraka, kuna vijiji ambavyo havikuwa na karatasi ya kuonyesha nini hasa kilikubaliwa. Mwaka 2011 mradi ulisimama na vibarua wakapoteza kazi. Ardhi nayo ilikuwa imekwisha kuhamishwa kutoka ardhi ya kijiji na kuwa ardhi ya kawaida, ikitoka nje ya mamlaka ya wale waliokuwa wakiilima, wakiokota kuni na kuchimba dawa humo.

Upo mfano wa upande wa pili. Huko Babati, mkoani Manyara, msitu wa miombo wa Duru-Haitemba ulikuwa njiani kutangazwa hifadhi ya serikali. Vijiji vinavyouzunguka vilipinga. Upinzani wao haukuishia kwenye manung'uniko: mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikaa vikao, wakagawana msitu kijiji kwa kijiji, wakachagua walinzi wao, wakaandika taratibu za nani akate nini na wapi, wakazipeleka taratibu hizo kwenye halmashauri ya wilaya zikaidhinishwa kuwa sheria ndogo. Msitu ukabaki mikononi mwa vijiji. Uzoefu huo ulikuwa miongoni mwa yale yaliyofungua njia ya usimamizi shirikishi wa misitu, ambao baadaye uliingizwa katika Sheria ya Misitu ya mwaka 2002.

Kisarawe na Duru-Haitemba, watu wote walizungumza. Kilichotofautisha ni yaliyoandikwa, na muda yalipoandikwa.

Maandalizi huanza kabla ya siku ya mkutano. Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji uitishwe angalau kila baada ya miezi mitatu, nayo halmashauri ya kijiji ikutane kila mwezi. Mwananchi aliyeziweka tarehe hizo kichwani hashtukizwi. Tangazo likibandikwa, nenda kalisome mwenyewe, kwa kuwa ajenda ndiyo itakayoamua kama suala lako litapata muda au litasukumwa kwenye "mengineyo", pale ambapo jua limezama na nusu ya watu wameondoka. Ukiona suala lako halimo, andika barua fupi kwa mtendaji wa kijiji, ambaye ndiye katibu wa mkutano, ukiomba liingizwe. Barua iwe ya ukurasa mmoja, yenye tarehe, jina na kitongoji chako, na uiandike nakala mbili. Moja anabaki nayo yeye. Ya pili anaigonga muhuri na kuandika "imepokelewa", unaondoka nayo. Muhuri huo mdogo umewahi kuokoa hoja nyingi zilizodaiwa hazikufika.

Msimu nao ni muhimu kuliko watu wengi wanavyodhani. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, lakini mipango ya kijiji huandaliwa mapema zaidi, kwa kawaida katika miezi ya mwisho ya mwaka uliotangulia, kwa utaratibu wa fursa na vikwazo kwa maendeleo. Vipaumbele vya kijiji hupanda kwenda Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha halmashauri ya wilaya. Anayesimama mwezi Mei kudai zahanati amechelewa. Anayesimama Oktoba, akiwa amezungumza na majirani na kupata wa kumuunga mkono, amefika wakati meza bado haijafungwa.

Usiende peke yako. Hoja ya mtu mmoja ni rahisi kuitwa chuki binafsi. Hoja iliyojadiliwa kwanza kwenye mkutano wa kitongoji, kwenye kikundi cha vikoba, baada ya sala ya Ijumaa au ibada ya Jumapili, hufika mkutano mkuu ikiwa na watu nyuma yake. Kubalianeni nani ataitoa, nani ataiunga mkono, na nani atafuatilia ionekane kwenye muhtasari. Hiyo si njama. Hata madiwani hujipanga kabla ya baraza.

Siku ya mkutano, fika mapema na ukae pale ambapo mwenyekiti hawezi kusema hakukuona. Saini orodha ya mahudhurio; ndiyo ushahidi kwamba ulikuwepo, na ndiyo inayoonyesha kama akidi ilitimia. Ukipewa nafasi, salamu kwa wazee ni heshima na inafungua masikio, ila iwe fupi. Baada ya hapo taja jina lako na kitongoji chako, eleza tatizo kwa sentensi mbili au tatu, toa ushahidi ulio nao, kisha malizia na ombi lililo wazi. Kwa mfano: "Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wangu shikamooni, ndugu wananchi habari zenu. Kisima cha kitongoji chetu kimesimama tangu Februari. Tulichanga fedha za matengenezo na risiti ninazo hapa. Naomba mkutano uazimie kwamba kamati ya maji ilete hesabu ya michango hiyo kwenye mkutano ujao, na iandikwe hivyo."

Zingatia maneno ya mwisho. "Iandikwe hivyo" ndiyo kazi yote.

Zingatia pia lililokosekana: hakuna aliyeitwa mwizi. Mtu anayemtuhumu kiongozi kwa jina bila ushahidi anaweza kujikuta anajibu kesi, na mkutano mzima utahama kutoka kwenye fedha kwenda kwenye ugomvi. Swali lina nguvu kubwa zaidi. Shilingi ngapi zilikusanywa? Ziko akaunti gani? Nani walisaini kuzitoa? Fundi alilipwa lini? Maswali haya hayamvunjii mtu heshima, na asiyeweza kuyajibu atakuwa amejionyesha mwenyewe.

Swali la fedha lina mahali pake maalumu, kwa kuwa taarifa ya mapato na matumizi inapaswa kusomwa mbele ya mkutano mkuu na kubandikwa kwenye ubao wa matangazo. Viongozi wengine huisoma kwa kasi ya mtu anayetaka kuwahi basi. Omba isomwe taratibu. Omba kila mradi usomwe peke yake. Ukiwa na simu, piga picha karatasi iliyobandikwa ubaoni, maana karatasi hunyeshewa na huchanika, na mkutano ujao utahitaji kulinganisha salio la zamani na jipya. Kijiji ambacho wakazi wake hulinganisha karatasi mbili kwa utulivu hakihitaji kelele nyingi.

Kwenye ardhi, mwananchi awe macho maradufu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inaifanya halmashauri ya kijiji kuwa msimamizi wa ardhi kwa niaba ya wanakijiji, na inaikataza kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Serikali ikitaka kuhamisha ardhi ya kijiji kwa matumizi mengine, na eneo halizidi hekta 250, mkutano mkuu ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, uamuzi ni wa waziri, lakini ni lazima kwanza azingatie mapendekezo ya mkutano. Na fidia, yaani aina yake, kiasi chake na lini italipwa, inatakiwa ikubaliwe kabla ardhi haijahama. Kwa hiyo mwekezaji akiletwa mkutanoni na msafara wa magari, usikimbilie kupiga makofi wala kuzomea. Uliza ukubwa wa eneo kwa hekta na mipaka yake kwenye ramani. Uliza ardhi itarudi kwa nani mradi ukifa, swali ambalo Kisarawe inalifahamu vizuri. Omba ahadi zote ziandikwe kwenye mkataba ambao nakala yake itabaki ofisi ya kijiji. Na kama mnahitaji muda wa kufikiri, mkutano una haki ya kuahirisha jambo hilo hadi siku nyingine.

Wanawake wanastahili kuzungumziwa peke yao hapa. Katika maeneo mengi wanafika kwa wingi mkutanoni lakini wanakaa nyuma, na mwenyekiti anamaliza wasemaji mbele kabla macho yake hayajawafikia. Sheria haina ubaguzi huo. Sheria za ardhi zimekwenda mbali zaidi: Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe saba lazima liwe na wanawake wasiopungua watatu. Dawa ya kiti cha nyuma ni kukihama. Wanawake wanaokaa pamoja mstari wa mbele, wakiwa wamekubaliana nani aanze, hupata nafasi. Saa ya mkutano nayo ijadiliwe: kikao cha saa nne asubuhi msimu wa kupalilia, au cha jioni wakati wa kuteka maji na kupika, kimewafungia nje nusu ya wajumbe kabla hakijafunguliwa. Kuomba saa nyingine ni hoja halali. Kadhalika kulalamikia mahali penye ngazi kwa asiyetembea, au mkutano usio na wa kumfasiria kiziwi.

Hofu ipo, na haifai kupuuzwa. Watu wameonywa, wametengwa, na wapo waliotishiwa kuwekwa ndani kwa sababu ya kuuliza. Ni vizuri kujua mipaka ya kitisho hicho. Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inampa mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya uwezo wa kuamuru mtu akamatwe kwa muda usiozidi saa 48, lakini ni pale tu anapoamini kwa sababu za msingi kwamba kuna kosa la jinai au uvunjifu wa amani. Muda huo ukiisha bila mtu kufikishwa mahakamani, anaachiwa, na sheria hiyohiyo inayaita matumizi mabaya ya madaraka hayo kuwa kosa. Mwenyekiti wa kijiji hana madaraka hayo, wala mtendaji hayapati kwa sababu swali limemkera. Kuuliza mapato na matumizi kwa utulivu si uvunjifu wa amani. Ukitishwa, andika tarehe, maneno na waliokuwepo, kisha mtafute msaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua, na huduma yao kwa wasio na uwezo ni bure. Suala likiwa na harufu ya rushwa, TAKUKURU hupokea taarifa kwa namba 113, na Sheria ya Ulinzi wa Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015 ipo kwa ajili ya anayezitoa. Mwananchi aliyeonewa na kiongozi anaweza pia kulalamika Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora.

Mjini mambo hubadilika kidogo. Mtaa una mkutano wake wa wakazi, unaongozwa na mwenyekiti wa mtaa, na hoja za taka, mitaro, ulinzi shirikishi na maeneo ya wazi yanayovamiwa hutolewa hapo. Udhaifu wa mjini ni mahudhurio: wapangaji huona mtaa ni wa wenye nyumba. Sivyo, anayeishi pale ni mkazi. Baraza la madiwani nalo, kijijini na mjini, liko wazi kwa umma, lakini mwananchi huketi kama msikilizaji. Anayetaka jambo lake lisemwe humo ampe diwani kwa maandishi siku kadhaa kabla, pamoja na azimio la mkutano wa kijiji au mtaa likiwa limeambatishwa. Diwani mwenye azimio mkononi husimama kwa uzito tofauti na diwani mwenye uvumi.

Majirani wa Kenya wamekwenda hadi mahakamani kwa haki kama hii ya kusikilizwa. Katiba yao ya mwaka 2010 inaitaka kaunti ishirikishe umma katika kutunga sheria, na mwaka 2014 Mahakama Kuu iliifuta Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka 2013 baada ya kuona wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Tozo zote zilizokuwa ndani ya sheria hiyo zilianguka nayo, kwa sababu watu walionyimwa nafasi ya kusikilizwa walifungua kesi.

Na mkutano usipoitwa kabisa? Hilo ndilo lalamiko la kawaida kuliko yote, hasa viongozi wakiwa na hesabu wasizotaka zisomwe. Wakazi waandike barua kwa mwenyekiti, nakala kwa mtendaji wa kata na diwani, wakitaja mkutano wa mwisho ulifanyika lini na kuomba mwingine uitishwe; saini ziwe nyingi na zitoke vitongoji vyote. Pasipo jibu, barua ipande kwa mkurugenzi wa halmashauri. Mtendaji ni mwajiriwa, kwa hiyo mkutano hauwezi kumfukuza, lakini azimio la kutokuwa na imani naye likimfikia mwajiri wake lina uzito. Mwenyekiti na wajumbe wako mikononi mwa wananchi wenyewe, na wanajua uchaguzi huja kila baada ya miaka mitano. Wa mwisho ulifanyika Novemba 27, 2024.

Wakikunyima kuona muhtasari au hesabu, tumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Raia anaandika ombi, anataja taarifa anayoitaka, na ofisi inapaswa kumjibu ndani ya siku 30. Huna haja ya kueleza sababu ndefu. "Naomba nakala ya muhtasari wa mkutano mkuu wa tarehe fulani" inatosha.

Muhtasari huo ukiupata, usome kabla ya mkutano unaofuata. Angalia kama azimio lenu limo, kama maneno yake ni yaleyale, na kama limepewa mtu wa kulitekeleza na tarehe. Mkutano mpya huanza kwa kusoma na kuthibitisha muhtasari uliopita, kisha hufuata kipengele cha yatokanayo. Watu wengi hupiga soga wakati huo wakisubiri ajenda zenye moto. Simama hapo. Kama azimio la kisima limeachwa, omba liongezwe kabla mwenyekiti hajasaini. Kama limo, uliza aliyepewa kazi amefikia wapi, na jibu lake nalo liandikwe.